HARAMIA WA MWACHE
Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Msafara wetu wa baiskeli wa Jumamosi uliondoka Port Reitz alfajiri, ukapanda Magongo, ukashika njia ya Miritini kufuata visa vya wanyang'anyi waliowahi kuitikisa barabara ya Mombasa. Tulipovuka daraja la Mwache na kuingia upande wa Tsunza, tulisimama kwa mzee mmoja kunywa madafu. Mzee akaitazama baiskeli yangu nyeusi, urithi wa marehemu babu, panga likamganda mkononi. "Baiskeli hii naijua," akasema. "Mwenyewe alinikaba koo mwaka 1977."

SASA ENDELEA...

Nilicheka. Hakuna aliyecheka nami.

"Mzee wangu, utakuwa umeifananisha," nikamwambia. "Baiskeli nyeusi za aina hii zilijaa Mombasa nzima. Kila karani wa bandari alikuwa nayo, kila muuza maziwa alikuwa nayo."

"Igeuze," akajibu. "Upande wa cheni. Kwenye bomba la juu, karibu na usukani, pana kiraka."

Sikuwa na haja ya kuigeuza. Kiraka chenyewe nakijua tangu utotoni: kipande cha chuma kilicholehemiwa harakaharaka, kingo hazikupigwa tupa, ukipitisha kidole unachanika. Babu alikuwa akitusimulia kwamba alitumbukia mtaroni Changamwe akirudi zamu ya usiku, kiwanda cha mafuta. Wajukuu wote tuliikariri hadithi hiyo, mpaka mahali pa kucheka tulipajua.

Fundi alikuwa ameshapiga magoti. Huyo akiona chuma, hata msibani hawezi kujizuia. Alikipapasa kiraka, akaangalia uma wa mbele, akarudi kwenye kiraka.

"Mtaro hupinda uma," akasema. "Uma huu haujapindwa hata kidogo. Bomba hili limegongwa ubavuni, likagongwa na kitu kipana." Akamwinulia mzee macho. "Gari?"

"Bampa ya lori," mzee akasema. "Mimi niko juu ya mzigo, nashikilia turubai."

Sista, ambaye alikuwa ametoka zamu ya usiku wodini na bado akatushinda sote mlimani, aliweka dafu lake chini. "Baba," akamwambia kwa upole, "tueleze tangu mwanzo."

* * *

Mzee hakuanza na barabara. Alianza na kahawa.

"Nyinyi kahawa mnaijua ya kikombe, ile chungu ya barazani. Mwaka ule ilikuwa dhahabu. Watu walilala maskini wakaamka matajiri."

Alinyamaza atafute pumzi, na Maalim akaipokea hadithi kwa adabu. Maalim amestaafu juzijuzi baada ya kufundisha historia maisha yake yote, na ndiye aliyebuni safari hizi.

"Ni kweli tupu," akasema. "Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa ikapaa dunia nzima. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Mkulima wa kule akiipeleka kahawa yake serikalini, anapewa shilingi zisizonunua hata sabuni. Basi ikavushwa kwa magendo kuingia Kenya. Soko lake kuu lilikuwa Chepkube, mpakani huko Bungoma. Watu waliibeba kichwani, kwa punda, kwa baiskeli. Ikishavuka inapakiwa malori, inateremka bandarini. Nyumbani kwetu Changamwe malori yalilala uani, nikienda shule asubuhi napita katikati ya harufu yake."

"Malori karatasi zake zimenyooka," mzee akadakia, "mzigo wake umepinda. Nami nilikuwa tanboi wa lori moja la namna hiyo."

Usiku wenyewe alitusimulia polepole, mkono wake ukichora barabara hewani. Walikuwa wameipita Mazeras, wanateremka kuelekea Miritini. Mwezi ulikuwa mpevu. Wakati ule daraja hili tulilolivuka halikuwepo, wala halikuwa hata ndotoni. Kutoka barabara kuu hadi maji ya Mwache palikuwa na mikanju, vijia vya mbuzi na mikoko.

"Dereva akaona taa. Taa ya dainamo, ile inayofifia kadiri gurudumu linavyoishiwa na mwendo. Baiskeli imelala katikati ya lami, gurudumu la mbele bado lazunguka. Kando yake mtu kalala kifudifudi. Dereva akakanyaga breki, lakini lori lina mzigo, na mlima ule unajua kusukuma. Tukaigonga baiskeli, tukasimama hatua chache kabla ya kumkanyaga mtu. Dereva akashuka. Nikaruka nami. Nikainama kumgeuza maiti."

Akainua dafu, akanywa hadi tone la mwisho, akapangusa ndevu.

"Maiti akanikaba."

Kadogo, mdogo wetu kuliko wote, aliachia mluzi mrefu. Hakuna aliyemkemea.

"Wengine wakatoka kwenye mikanju. Sikuwahesabu. Wakashusha magunia, wakayabeba mgongoni hadi majini. Ilikuwa bamvua, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya juu ya mikoko, na mashua zinangoja. Kabla ya adhana kahawa yote ilikuwa imeshavushwa kuja huku huku Tsunza. Nani angeitafuta huku? Zamani hizo ukitaka kutoka Tsunza kwenda mjini ni mtumbwi mpaka Mikindani, na polisi hawapendi kulowa."

"Na huyo aliyekukaba?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia imekauka.

Mzee alinitazama sana. "Alikuwa na mikono ya mtu wa kazi. Alipewa amri kwa kichwa tu, nami niliiona. Akanikokota hadi gizani. Kule akalegeza mkono, akaninong'oneza sikioni: 'Ingia mikokoni. Barabarani usirudi tena maisha yako, wakikuona watakumaliza.' Kisha akapiga yowe kubwa, yowe langu mimi, ili wenzake wasikie. Nikakimbia. Nikaogelea. Nikaoa Tsunza, nikajiita jina jingine, nikazaa. Mpaka leo hii sijakanyaga Changamwe."

* * *

Nilisimama. Hasira ilinipanda bila kujua ya nani.

"Babu yangu hakuwa haramia," nikasema. "Alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini. Alikuwa akirudisha hata chenji ya peni."

"Haramia wa nani?" Maalim akauliza.

"Maalim, si leo," Sista akamwonya.

"Leo ndiyo siku yake." Maalim alielekeza kidole kwenye maji, ambako mkono wa bahari unapinda kuelekea kwetu. Ndege ilikuwa ikishuka ng'ambo, magurudumu yameshatoka. "Maji yale mnayaita Port Reitz kila siku. Huyo Reitz ni nani? Ni luteni wa jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1824 Mazrui waliotawala Mombasa walikuwa wakimhofu Sayyid Said wa Omani. Meli za Kapteni Owen zikaingia, wao wakaomba bendera ya Mwingereza iwakinge. Owen akakubali bila kuagizwa na wakubwa zake, akamwacha Reitz awe msimamizi. Kijana wa watu hakumaliza miezi minne. Homa ilimuua Mei, safarini Pangani. Na London haikuitaka ile ahadi. Mwaka 1826 bendera ikateremshwa, Mazrui wakabaki uchi."

"Sayyid Said akawamaliza," Kadogo akasema. Alikuwa amesoma.

"Mwaka 1837. Wakubwa wao walikamatwa wakapelekwa uhamishoni, akiwemo liwali wa mwisho, Rashid bin Salim. Hawakurudi. Mtoto wa Rashid huyo ndiye Mbaruk bin Rashid, aliyekuja kukaa Gazi. Akapigana na masultani wa Zanzibar miaka nenda miaka rudi, akishindwa anaingia msituni, akitulia anarudi Gazi. Mwaka 1895 ikawa zamu ya Waingereza. Agosti 17 Admirali Rawson akaivamia ngome yake ya Mwele, huko bara ya Kwale, chini ya bendera ileile ambayo jamaa zake waliiomba iwakinge. Mbaruk akarudi porini, vita vikaenea pwani nzima, Malindi ikachomwa, hadi wakaletwa askari kutoka Bara Hindi. Aprili 1896 akavuka mpaka, akajisalimisha kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam. Mwaka huohuo wa 1896 reli ikaanza kutandazwa hapa Mombasa. Njia imepata mwenyewe mpya. Sasa soma barua za maofisa: Mbaruk ni mwasi, watu wake ni wanyang'anyi. Nenda Gazi: ni Sheikh Mbaruk."

"Kwa hivyo alikuwa shujaa," nikasema, nikitafuta pa kumpandisha babu.

"Usimvike joho ambalo halimkai. Mazrui walikuwa na mashamba, na mashamba yalilimwa na watumwa. Watumwa waliotoroka wakajijengea vijiji vyao bara, kama Fuladoyo, nao mabwana zao wakawaita wezi wa njia. Ninachokwambia, mwanangu, ni hiki: mwenye njia ndiye anayegawa majina. Kahawa yenyewe ilikuwa ya magendo. Aliyemnyang'anya mwizi tumwiteje?"

Mzee wa madafu alikuwa akisikiliza ameinamisha kichwa. Sasa akakohoa.

"Maalim, umesoma, na Mungu akuzidishie. Lakini hayo ni ya vitabuni. Mimi ule mkono ulikuwa shingoni mwangu."

Maalim akafumba mdomo. Tangu nimjue sijamwona akikosa la kujibu.

Sista ndiye aliyeuvunja ukimya, na alikwenda palepale ambapo sisi wanaume hatukupagusa. "Baba, lori lilikuwa la nani?"

"La tajiri mmoja wa Changamwe. Sisi tulimwita Bosi tu. Dereva ndiye aliyeniajiri, mimi nilitoka bara sijui mtu."

"Alifilisika baada ya kuibiwa?"

"Afilisike?" Mzee akatikisa kichwa. "Wavuvi waendao mjini walikuwa wakiniletea habari. Mwaka haujapinduka, uani kwake palikuwa na malori mawili mapya."

* * *

Wakati wote huo Fundi hakuwa nasi. Alikuwa ameigeuza baiskeli juu chini kwenye mchanga, matandiko chini, magurudumu juu, anaizungusha pedali na kutega sikio.

"Siti hii," akaniita, "inashuka?"

"Haishuki. Tangu enzi za babu. Alisema imeshika kutu."

"Ndiyo maana unaendesha umetanua miguu, nami nikadhani ni maringo." Akaisimamisha baiskeli, akachukua spana, akalegeza nati ya kibano. "Kutu huwa kote. Nguzo hii inazunguka laini, yakataa kushuka tu. Kuna kitu kimeizuia kwa chini."

Akaishika siti kwa mikono miwili, akaizungusha kushoto, kulia, kushoto. Kadogo akaidhibiti fremu kwa magoti. Nguzo ikalia, ikapanda kidogo, ikalia tena, kisha ikachomoka mara moja, Fundi akakaa kitako mchangani na siti kifuani.

Ndani ya bomba palikuwa na kitu cheusi. Fundi alikivua kwa spoku aliyoikunja ncha. Kilikuwa kifurushi chembamba, kimeviringwa kwa mpira wa tyubu na kufungwa kwa uzi wa kushonea viatu, fundo juu ya fundo. Mafundo yale niliyajua. Babu ndivyo alivyofunga kila kitu, hata mfuko wa sukari.

"Kifungue," mzee akasema. Hakuwa akiniomba.

* * *

Ndani ya mpira mlikuwa na karatasi moja ya daftari la shule, imekunjwa mara nyingi. Unyevu haukuigusa. Wino ulikuwa wa buluu, herufi zimelala upande wa kulia, nzuri, za mtu aliyepigwa fimbo mpaka akajua kuandika. Haukuwa mwandiko wa babu. Babu aliandika kwa herufi kubwa tupu.

Nilimpa Maalim kwa sababu ndiye mwenye miwani.

"Magunia 90," akasoma. "Dereva, 10. Vijana wa mashua, 12. Mwenye baiskeli, 8." Nilihisi macho ya wote yakinigeukia, nikaangalia chini. "Mimi, 60. Bima, mzigo wote."

"Rudia hapo," Sista akasema.

"Mimi, 60. Bima, mzigo wote."

"Kumi, 12, 8 na 60. Jumla ni 90," Kadogo akasema, amehesabu kwa vidole. "Hakuna gunia lililoibiwa hapo. Yamegawanywa."

"Yamegawanywa na mwenyewe," Sista akasema. "Amechukua magunia yake 60 usiku, kisha asubuhi akaenda kulia bima wamlipe yote 90. Ndiyo maana babu yako aliificha, mdogo wangu. Mtu wa magunia 8 anahitaji kinga mbele ya mtu wa magunia 60, na kinga gani kubwa kuliko mwandiko wake?" Akamgeukia Maalim. "Ila huyu 'mimi' hakuandika jina. Tutamjuaje?"

Maalim hakujibu. Alikuwa amevua miwani, anaifuta kwa pindo la fulana, na ilikuwa safi tayari.

"Maalim?"

"Mwandiko huu," akasema, "ndio uliokuwa ukitia saini ripoti zangu za shule."

Lori la kontena lilipita juu ya daraja, likatikisa mikebe ya mzee mezani. Nilingoja Maalim aseme neno jingine, atoe mwaka, atoe jina la sultani, alete ule mkia wa hadithi unaobadilisha maana ya kichwa. Hakuwa nao. Nyumba iliyomsomesha ilikuwa mkononi mwake, mistari michache.

"Babangu," akasema mwishowe. "Yale malori mawili yalinipeleka chuo."

Mzee wa madafu alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani, kama anunuaye mbuzi. "Kumbe wewe ni wa uani kwa Bosi," akasema taratibu.

"Subirini." Sista alikuwa ameichukua karatasi, ameielekeza juani. "Chini kuna mstari mwingine. Umeandikwa kwa penseli." Midomo yake ilicheza kabla sauti haijatoka. "'Tanboi amemalizwa. Shilingi 300 za mazishi.'"

Tuligeuka kwa pamoja. Mzee alikuwa ameshaling'oa panga kutoka kwenye gogo la kukatia madafu. Hakulinyanyua. Lilining'inia tu kando ya paja lake, maji ya dafu yakichuruzika kwenye ncha.

"Soma tena."

Sista akasoma tena.

"Shilingi 300." Mzee alisogea hatua moja, akasimama mbele ya Maalim. Hakutujali sisi wengine. "Wewe ulikuwepo. Sema. Hizo pesa zililiwa, au mazishi yalifanywa?"

"Yalifanywa." Maalim alijibu kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. "Nilikuwa na miaka 11. Jeneza lilitoka uani kwetu, tukaenda nalo makaburini. Tuliambiwa ni tanboi wetu, ameuawa na maharamia, na kwamba uso hautazamiki. Hakuna aliyefunua. Nilitupa mchanga mara tatu kwa mkono huu."

"Tanboi ni mimi, nami niko hapa nauza madafu," mzee akasema. "Basi mlimzika nani?"

Maalim alifungua mdomo. Nilidhani anamjibu mzee, lakini alikuwa ananitazama mimi, na machoni mwake niliona kitu ambacho ndiyo kwanza kinamjia.

"Jeneza lilipokuwa likipita mlangoni," akasema, "kuna mwanamke mmoja alianguka akazimia. Si mama, si shangazi wa marehemu, wala hakuwa mtu wa nyumba yetu. Wanawake walishindwa kumzindua, wakanong'ona, 'Huyu analia hivi kwa ajili ya tanboi?' Nimekaa na swali hilo miaka yote." Akanikabidhi karatasi. "Mpigie simu bibi yako, mwanangu. Sasa hivi. Mwulize siku ile alikuwa akimlilia nani."

Nilitoa simu mfukoni. Kabla sijagusa namba yake, ikaanza kulia yenyewe. Alikuwa bibi.

"Mko wapi?" akauliza, hata salamu hakuitoa. "Hapa nyumbani wamekuja watu wawili. Wanaitaka baiskeli ya babu yako."

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO